Kompyuta inatulia tarehe yake ikiharibika, nikiirekebisha inaanza kuzima tena

Mama Shamim, Busia · Jumatatu, saa 4 usiku

Hamjambo ndugu zangu. Nitaeleza kirefu, kwa sababu nimeona humu mtu akiandika mistari miwili anaulizwa maswali kumi kwanza.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, nikahi na kwanjula, hapa Busia upande wa Uganda. Kijana wangu ndiye anayezunguka na kamera, mimi nakaa nyumbani kwenye kompyuta. Ni ya mezani, iliundwa mwaka 2021: prosesa ni Ryzen 5 3600, ubao mama ni wa B450 wenye nafasi nne za RAM, SSD moja ya Windows 10 na diski kubwa ya kuwekea kazi. RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ilikuwa GB 16, vipande viwili vya GB 8, aina ya DDR4 yenye kasi ya 3200. Miaka yote hiyo sikuona skrini ya buluu hata mara moja. Kompyuta hii imelipa karo za watoto watatu, kwa hiyo naijua kama mtu anavyomjua ng'ombe wake wa maziwa.

Wateja walipoanza kutaka video za 4K, GB 16 zikawa hazitoshi. Mtoto wa dada yangu alikuwa anarudi kutoka Nairobi, nikamtumia picha ya RAM zangu nikamwomba aninunulie nyingine mbili zilizo sawasawa. Akaleta. Jina lile lile, rangi ile ile, na kibandiko kinasema yale yale: 3200, 16-18-18-36, volti 1.35. Fundi mmoja wa hapa mjini akazipachika, akaingia kwenye bayosi (ile mipangilio ya ndani ya kompyuta kabla Windows haijawaka), akawasha kitu kinachoitwa XMP. Akanifundisha na mimi: "Mama, ukikuta hii imezima, iwashe, la sivyo RAM zako zitatembea polepole." Kompyuta ikaonyesha GB 32, nikafurahi.

Wiki ile ile mambo yakaharibika. Skrini ya buluu inakuja mara mbili au tatu kwa siku, na kila ikija ina maneno yake. Leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Kurasa za kivinjari zinafunga zenyewe. Video ninayoitoa inakwama kwenye asilimia 70, nikirudia inakwama kwenye 31, nikirudia tena inamaliza vizuri kana kwamba hakukuwa na lolote. Mteja alinitumia picha zake katika faili la zip, kompyuta ikasema limeharibika. Faili hilo hilo nikalifungua kwa simu, likafunguka lote.

Lililoniuma zaidi ni hili. Katika harusi moja ya Lumino, bibi wa bwana harusi alisimama kutoa baraka. Mama wa miaka themanini na zaidi, ameshikiliwa na wajukuu wawili. Nilipokabidhi kazi, familia ikanipigia kwamba pale bibi anaposema kuna mistari ya kijani inakata uso wake. Nilipoitazama mimi mwenyewe kabla ya kukabidhi sikuiona. Nikafungua faili nililokuwa nimenakili kwenye diski, mistari ipo. Kwenye skrini ya kamera siku ile haikuwepo, kijana wangu anaapa.

Niliyokwisha fanya: nimenunua UPS na stebilaiza, kwa sababu kila mtu alisema ni umeme. Nimepima virusi, hakuna. Nimeweka Windows upya, na hapo penyewe palikuwa na kazi, mara mbili ilikataa katikati ikisema faili haliwezi kusomeka, mara ya tatu ikakubali kwa fleshi ile ile. Nimeendesha kile kipimo cha RAM kilichomo ndani ya Windows, kikasema hakuna tatizo.

Sasa jambo lililonifanya niandike usiku huu. Kwetu huku karibu na Ziwa Victoria radi ni nyingi, kwa hiyo usiku nachomoa plagi ukutani. Tangu mwezi uliopita, nikichomoa usiku kucha, asubuhi kompyuta inasema mipangilio imerudishwa ya mwanzo, nibonyeze F1, na tarehe inakuwa mwaka 2019. Tovuti zinakataa kufunguka kwa ajili ya tarehe. Siku moja nilikuwa na haraka, nikabonyeza F1 nikaendelea na kazi isiyohitaji intaneti, na zile siku sikuizima wala kuichomoa. Ilitembea siku nne bila kuzima hata mara moja. Siku ya tano nikaingia bayosi, nikaweka tarehe sawa, nikawasha XMP kama nilivyofundishwa, usiku huo huo ikazima mara mbili. Nimelirudia jambo hili mara mbili zaidi, matokeo ni yale yale.

Tarehe ina uhusiano gani na kompyuta kuzima? Naomba msaada, nina harusi tatu za kukabidhi kabla ya mwisho wa mwezi.

---

Fundi Redio, Tororo · Jumatatu, saa 5 usiku

Pole sana Mama Shamim. Mimi bado naushuku umeme. Huku kwetu volti zinapanda na kushuka vibaya wakati mashine za kusaga zinapowashwa, na kompyuta nyingi zinazoletwa kwangu zimeungua pawasaplai.

Ila kuna njia ya kujua bila kubahatisha. Fungua Event Viewer, daftari la matukio lililomo ndani ya Windows, ingia Windows Logs kisha System, utafute Kernel-Power yenye namba 41. Ifungue, utazame palipoandikwa BugcheckCode. Ikiwa ni 0, kompyuta ilikatika ghafla, hapo umeme au pawasaplai vinaweza kuwa na hatia. Ikiwa ina namba nyingine, Windows yenyewe ilianguka ikapata nafasi ya kuandika sababu, na hapo tuuache umeme.

---

Mama Shamim, Busia · Jumanne, saa 1 asubuhi

Asante fundi. Nimehesabu 41 kumi na saba tangu niweke Windows upya. Mbili tu ndizo zenye 0, na hizo nazikumbuka, UPS ilikuwa imeisha chaji. Kumi na tano zina namba, nyingi ni 26, nyingine 10, nyingine 80.

---

Mkazi wa Kisenyi, Kampala · Jumanne, saa 3 asubuhi

Shikamoo Mama Shamim. Umeeleza vizuri sana, na jibu umelibeba wewe mwenyewe katika aya ya mwisho. Tarehe haina kosa lolote. Tarehe na XMP vinapotea pamoja kwa sababu vyote viwili vinategemea betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye ubao mama, CR2032, nayo yako imekufa. Ikikosa umeme wa ukutani usiku kucha, bayosi inasahau kila kitu: inarudi 2019, na inazima XMP. Zile siku nne za utulivu RAM zako zilikuwa zinatembea kwa kasi ya chini, pengine 2133. Ulipowasha XMP zikarudi 3200, ugonjwa ukarudi.

Hizo namba za Event Viewer zinasema hilo hilo. Zimeandikwa kwa desimali. 26 ni 0x1A, yaani MEMORY_MANAGEMENT. 10 ni 0x0A, ile IRQL. 80 ni 0x50, ile PAGE_FAULT. Dereva mbovu au programu moja yenye kasoro kwa kawaida huanguka kwa namna moja, mahali pamoja. Skrini inayobadilisha maneno kila siku, zip inayokataa hapa na kufunguka kwenye simu, Windows inayokataa mara mbili na kukubali ya tatu kwa fleshi ile ile, hizo ni dalili za RAM inayorudisha kitu tofauti na ulichoipa kuitunza.

Nieleze XMP ni nini, maana fundi wako hakukosea kuiwasha. RAM ya DDR4 ina viwango vya kawaida vilivyokubaliwa na JEDEC, chombo kinachoweka vipimo vya RAM duniani. Kwa volti 1.2 RAM ya 3200 ya JEDEC ina taimingi ya 22, yaani mapigo inayosubiri kabla ya kutoa data; namba ikiwa ndogo ni haraka zaidi. Yako ni 3200 kwa 16, volti 1.35. Yaani kiwanda kimeisukuma kupita kiwango cha kawaida, kikaandika mpangilio huo ndani ya RAM yenyewe. Huo mpangilio ndio XMP, Intel ndio walioubuni, na bodi za AMD nazo zinausoma, nyingine zinauita DOCP au A-XMP. Bila kuuwasha, RAM inaanza kwa kasi ya chini ambayo karibu bodi yoyote inaiweza.

Sasa shida ilipo. Kiwanda kilipima vile vipande viwili vya pakiti moja, vikiwa pamoja, kwa kasi hiyo. Pakiti yako ya kwanza na ya pili hazijawahi kupimwa zikiwa nne. Na hata kibandiko kikifanana, ndani chipu zinaweza kuwa za mtengenezaji mwingine. Wanaotengeneza chipu hizi kwa wingi ni wachache, Samsung, Micron na SK Hynix, na kampuni inayouza RAM inanunua kwa yeyote kati yao kulingana na msimu, jina la nje likabaki lile lile.

Zaidi ya hapo, kidhibiti cha RAM kiko ndani ya prosesa, na kina kikomo chake. Kwa Ryzen 5 3600, AMD wenyewe wanaahidi 3200 ukiwa na vipande viwili. Vikiwa vinne vya renki moja (renki ni kundi la chipu zinazosomwa kwa pamoja) wanaahidi 2933. Vikiwa vinne vya renki mbili, 2667. Wapo wanaopata 3200 kwa vinne na kompyuta ikatulia, lakini hiyo ni bahati ya chipu yako, hukuahidiwa.

Naomba ufanye hivi, na tafadhali usiruke hatua.

Kwanza, kuanzia sasa usihariri kazi ya mteja XMP ikiwa imewaka. Kila faili unalonakili linapita kwenye RAM, na RAM ikikosea herufi moja njiani, kosa linaandikwa kwenye diski na kukaa humo. Naamini uso wa yule bibi wa Lumino uliharibikia hapo. Usifute kadi yoyote ya kamera.

Pili, shusha programu ya bure inayoitwa Memtest86+, iweke kwenye fleshi, uwashe kompyuta kwa fleshi hiyo. Inafanya kazi nje ya Windows na inagusa karibu RAM yote. Kile kipimo cha Windows kinapita juu juu usipokibadilisha kwenda kile kirefu kwa F1, na hata hapo hukosa mengi. Iache Memtest usiku mzima, RAM nne, XMP imewaka. Kisha rudia kwa RAM mbili za zamani peke yake, kisha mbili mpya peke yake. Zikiwa mbili, zipachike nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Zima, chomoa plagi, na bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe kabla hujagusa kitu.

Tatu, fungua CPU-Z, programu inayoonyesha vifaa vilivyomo ndani ya kompyuta, sehemu ya SPD, uangalie kila nafasi: mtengenezaji wa chipu na idadi ya renki.

Kosa moja tu kwenye Memtest ni kosa. Hakuna "machache tu".

---

Mama Shamim, Busia · Alhamisi, saa 2 usiku

Marahaba mwanangu, na Mungu akubariki. Nimefanya yote, siku mbili hizi sikugusa kazi.

RAM nne, XMP imewaka: dakika ya 22 ikaanza mistari myekundu. Nilipoamka alfajiri yalikuwa makosa 314. Nilikaa kitandani nikiitazama ile namba muda mrefu, nikifikiria kazi zote nilizokabidhi tangu mwezi wa pili.

RAM mbili za zamani, XMP imewaka: saa saba, hakuna kosa. RAM mbili za Nairobi, XMP imewaka: usiku mzima, hakuna kosa. Kwa hiyo hakuna iliyo mbovu! Mtoto wa dada yangu alikuwa ameanza kuona haya, amekuwa akinipigia kila siku kuuliza kama azirudishe dukani. Nimemwambia asijilaumu.

CPU-Z: zote nne ni renki moja. Lakini mtengenezaji wa chipu wa zile za zamani ni mmoja na wa zile mpya ni mwingine, kama ulivyosema. Kwa nje ni mapacha.

Betri nimeibadilisha kwa fundi wa saa hapa sokoni, shilingi 5,000.

Sasa swali. Nibaki bila XMP kwenye 2133? Nilipima harusi ya saa moja: kwa 3200, siku ile ilipokubali kumaliza, ilichukua dakika 48. Kwa 2133 ni dakika 53. Si tofauti kubwa, lakini nikiwa na kazi tatu kwa wiki naiona.

---

Mwanafunzi wa Mbarara · Alhamisi, saa 4 usiku

Mama, usiache 3200 mapema hivyo. Mimi nina bodi kama hiyo na RAM nne. Ingia bayosi, weka VSOC (volti za sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha RAM) 1.1, Command Rate (mapigo ya kusubiri kabla RAM haijapokea amri) uitoe 1T uiweke 2T, na volti za RAM uziongeze kidogo hadi 1.37. Kwangu ilitulia kabisa, nacheza gemu usiku mzima.

---

Mama Shamim, Busia · Ijumaa, saa 1 usiku

Nimejaribu ya kijana wa Mbarara, VSOC na 2T, ila volti za RAM niliogopa kuzipandisha. Mara hii ilipita saa nne nzima bila kosa, nikadhani tumefika. Kisha likaja moja. Moja peke yake, na hadi asubuhi halikuongezeka. Je, hilo nalihesabu?

---

Mkazi wa Kisenyi, Kampala · Ijumaa, saa 3 usiku

Lihesabu, Mama. Kosa moja kwa saa nane bila kazi nyingine ni kosa ambalo siku moja litaangukia faili la mteja. Na mchana Busia ni joto kuliko alfajiri, kompyuta yenyewe ikiwa inatoa video joto ndani ya kava linapanda, na RAM inavyopata joto ndivyo inavyokosea zaidi.

Kijana wa Mbarara, ushauri wako si mbaya kwa mtu wa gemu. Gemu ikianguka unaiwasha tena. Lakini gemu haikuonyeshi kwamba pikseli moja imebadilika, na wewe hujasema kama ulipima kwa Memtest. Naomba upime kabla ya kumshauri mtu mwingine mwenye kazi za watu. Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kumpa mtu wa hesabu za ushirika kompyuta iliyopita gemu zote, na baada ya miezi miwili faili lake la akiba halikufunguka.

Mama Shamim, kuna njia ya kati. Usibaki 2133. Washa XMP kama ulivyozoea, ili volti ziwe 1.35 na taimingi ziwe 16-18-18-36, kisha kabla ya kuhifadhi badilisha sehemu ya kasi ya RAM kutoka 3200 hadi 2933. Hicho ndicho kiwango ambacho AMD wameahidi kwa vipande vinne vya renki moja. 2T ibaki kama ilivyo. VSOC irudishe Auto. Usiandike kasi kwa mkono bila kuwasha XMP, kwa sababu bodi nyingine zitaacha volti kwenye 1.2 na hapo hata 2933 inaweza kukataa. Kisha Memtest usiku mzima, mizunguko minne kamili.

Usishangae ukiona CPU-Z inaandika 1466. DDR husafirisha data mara mbili kwa kila pigo, ndiyo maana namba hiyo ni nusu.

Memtest ikipita, kuna kipimo kimoja kinachofanana na kazi yako. Chukua faili kubwa kuliko RAM yako, la GB 40 hivi, ili Windows ilazimike kulisoma upya kutoka kwenye diski kila mara. Fungua Command Prompt uandike certutil -hashfile, kisha njia ya faili, kisha SHA256. Itakupa mstari mrefu wa herufi na namba. Rudia mara tatu. Faili halijabadilika, kwa hiyo mstari lazima uwe ule ule mara zote tatu.

---

Mama Shamim, Busia · Jumatano, saa 3 usiku

Nimekaa kimya kwa sababu nilitaka nirudi na habari kamili.

2933, volti 1.35, 2T. Memtest usiku wa Jumamosi: mizunguko minne, hakuna kosa. Nikairudia Jumapili mchana, mabati yakiwa yanawaka jua na feni ya chumbani nimeizima makusudi, hakuna kosa. Certutil nimeipima kwa faili la GB 41 la harusi ya Masafu, mara tatu, mstari ni ule ule. Ile kazi ya saa moja sasa inachukua dakika 49. Dakika moja zaidi ya 3200.

Kwa ajili ya kujua, nilirudisha 3200 mara moja nikapima faili hilo hilo la GB 41 mara tatu. Mstari wa pili ulitofautiana na wa kwanza na wa tatu. Faili halikuguswa na mtu. Hapo ndipo lile jambo liliponiingia hasa, kwamba kompyuta ilikuwa inasoma kitu kizima na kuniambia kingine, na haikusema kitu.

Nimeweka Windows upya tena, maana ile ya kwanza ilipakiwa RAM ikiwa mgonjwa. Mara hii ilikubali mara moja.

Sasa kazi za wateja. Tangu mwezi wa pili nilikabidhi harusi kumi na moja. Kadi za kamera za tisa bado zilikuwepo, kijana wangu ana tabia ya kutofuta kadi hadi familia ilipe salio, na safari hii tabia hiyo imetuokoa. Nimezinakili upya zote tisa na kulinganisha na yaliyomo kwenye diski kwa certutil, faili kwa faili. Faili sita zilitofautiana. Nne hazikuwa zimeingia kwenye video nilizokabidhi. Moja ni ngoma ya usiku, mstari mdogo pembeni ambao hakuna aliyeuona, lakini nimeirekebisha na nitawapelekea.

La sita ni lile la bibi. Kwenye kadi ni zima kabisa, uso wote, sauti yote, na wale wajukuu wakimfuta machozi. Nimeitoa upya jana usiku, leo asubuhi nimepanda boda hadi Lumino nikaipeleka mwenyewe. Bibi aliitazama mara mbili kwenye simu ya mjukuu wake.

Zile harusi mbili ambazo kadi zake zilishafutwa, nimezitazama mwanzo hadi mwisho polepole, saa sita za kutazama, sikuona kitu. Hata hivyo nimewapigia simu wote wawili nikawaeleza, na nikawaambia wakiona lolote wanipigie, nitafanya ninaloweza bila malipo.

Fundi wetu wa hapa amekuja, nimemwonyesha yote. Amenakili ile hatua ya 2933 kwenye daftari lake, kwa sababu anasema ana wateja wengine wawili aliowapachikia RAM nne.

---

Fundi Redio, Tororo · Jumatano, saa 4 usiku

Na mimi nimejifunza. Kuna kompyuta ya shule moja iko mezani kwangu tangu wiki iliyopita, nimebadilisha pawasaplai na bado inaanguka. Nimefungua kava sasa hivi: RAM nne, aina mbili. Naianza Memtest usiku huu.

---

Mkazi wa Kisenyi, Kampala · Alhamisi, saa 1 asubuhi

Fundi, tupe namba za Event Viewer ukizipata. Na Mama Shamim, jambo moja la mwisho: bayosi ikisasishwa, au betri ikifa tena baada ya miaka, mipangilio itarudi ya mwanzo, na mtu atakayeiona XMP imezima ataiwasha bila kujua habari ya 2933.

---

Mama Shamim, Busia · Alhamisi, saa 2 asubuhi

Nimechukua kipande cha karatasi ya sanduku, nimeandika kwa kalamu nene na kukibandika upande wa ndani wa kava, mahali fundi yeyote atakapokiona akilifungua: "XMP, KISHA SHUSHA HADI 2933. VOLTI 1.35. 2T. USIWEKE 3200." Chini nimeandika namba yangu ya simu.